Justa Hatetemeki

Kang'ata, Handeni
18 Juni 1961

Baba Justa,

Mwanao ametoka kuoga sasa hivi, na amempigia mama yako chafya ya uso mzima! Mama alikuwa amemwinamia kumfuta masikio, mara, chaaa! Kisha vidole vikanasa kwenye ushanga wa mama na havikutaka kuachia, ikabidi nivifungue kimoja kimoja kama mtu anayechambua maharage. Mama amecheka mpaka ameketi chini. Nimeona niandike upesi kabla sijasahau, ndiyo maana karatasi ina matone, usidhani nalia.

Sisi wazima. Tangu ulipotuleta hapa kwenu ili mama amwone mjukuu wake wa kwanza, hataki nimshike mwanangu isipokuwa saa ya kunyonya. Kumwogesha ni kazi yake. Maji yanalala nje kwenye mtungi, yanapigwa na umande, na jua halijatoka Justa yumo ndani ya karai. Mama anasema watoto wote wa nyumba hii wameogeshwa hivyo, hata wewe, ili mifupa ishike. Siku ya kwanza nilifumba macho. Lakini baba Justa, mwanao ni askari! Analia kidogo, kisha ananyamaza, na hatetemeki. Mimi nimejifunga blanketi na meno yanagongana, yeye yuko uchi na ametulia tuli. Mama anawaita majirani waje waone. "Tazameni, hatetemeki! Huyu ni wa Kang'ata, si wa manamba." Hapo ananichokoza mimi, kwa kuwa baba yangu alikuja Korogwe kukata mkonge. Nami namwambia, "Mama, basi miguu hii mizuri ameitoa wapi?" Tunacheka.

Jambo moja nataka kukuuliza, wewe uliye dresa, msaidizi wa daktari hapo zahanati. Hapa hakuna mizani ya watoto, kwa hiyo siku ya gulio nilimpeleka kwa Paulo, yule anayenunua nta. Akafuta sahani ya mizani kwa kanga yangu, akamlaza palepale panapolazwa mabonge ya nta. Ratili sita. Sasa, tulipoondoka Korogwe si uliniambia ratili sita? Wiki nne zimepita. Najua alikuja duniani mapema, mwezi mmoja kabla ya siku zake, lakini ananyonya jamani, ananyonya mpaka naona kizunguzungu. Paulo ananitania eti maziwa yangu yanapita kama maji kwenye kikapu. Yanakwenda wapi?

Mkeo anayekukumbuka,
Grasiana


Korogwe
26 Juni 1961

Mama Justa,

Semboja wa lori amenipa barua yako mlangoni mwa zahanati, nikaisoma nimesimama, na mgonjwa ananingoja na jipu lake. Nilipofika kwenye chafya nilicheka, yule mtu akadhani namcheka yeye.

Juu ya uzito, usitie hofu. Watoto hupanda kwa hatua, wanakaa, kisha wanaruka. Wewe kula. Kula karanga, kula maharage, kunywa uji wa mtama kabla ya kwenda shambani. Mwambie mama nimesema usipewe jembe wiki hizi. Mwambie kwa adabu, usiseme nimeamuru.

Sasa nikupe kichekesho cha kampi yetu ya mkonge. Bwana Mganga wetu, yule daktari Mzungu, amepata vitabu kutoka kwao, na siku hizi hana habari nyingine ila baridi. Anasema kuna wataalamu wanaotafuta kujua baridi inaufanya nini mwili wa mtu. Akauliza nani atakubali kujaribiwa. Wote wakatazama paa. Mimi, kimbelembele, nikasema, "Mimi, Bwana." Wakanitia kwenye pipa la maji ya kisima, na barafu iliyokuja kwa treni kutoka Tanga kwa ajili ya samaki wa meneja! Mama Justa, nilitetemeka mpaka pipa likasogea. Yeye ameshika saa, anahesabu pumzi zangu, ananifinya tumbo kwa vidole kupima mafuta. Akasema, "Unaona, Ponsiano? Kutetemeka ni kazi. Nyama zako zinapasua kuni ili upate joto, na kuni zenyewe ni mafuta yako. Ukikaa humu kila siku utakonda." Nikamjibu, "Bwana, kukonda nimeshakonda, nitoe." Kampi nzima sasa inaniita Samaki wa Meneja.

Mbusu Justa kwenye kisigino. Msalimie mama, mwambie shikamoo.

Mumeo,
Ponsiano


Kang'ata, Handeni
9 Julai 1961

Mwanangu Ponsiano,

Ni mimi mama yako Elina ninayesema. Mkono ni wa mkeo, kwa sababu mwalimu amekwenda Handeni mjini na mimi sikufundishwa kalamu. Nimemwambia aandike kila neno, asiruke.

(Baba Justa, naandika kama yanavyotoka kinywani mwake. Usione mwandiko umepinda.)

Mtoto amerudi nyuma. Jana kwa Paulo mizani imesema ratili sita kasorobo. Amekuwa na uso wa kikongwe, mapaja yamekunjamana kama soksi. Halii sana, analala tu. Ziwa analinyonya, haliendi popote. Mwanangu, wewe una dawa za Kizungu lakini hapa hata mtoto wa miaka kumi anaujua ugonjwa huu. Mtoto amebemendwa. Mmoja wenu ametoka nje ya ndoa wakati mtoto yuko kwenye ziwa, na mtoto ndiye anayeadhibiwa.

Sema kweli. Kama ni wewe, na huko Korogwe wanawake wa kampi hawana haya, sema. Dawa ipo, utakuja, utaungama mbele ya wazee, tutamfanyia mtoto mambo yake. Kama si wewe, basi ni huyu anayeandika.

(Ameniangalia aliposema hivyo. Nimeandika.)

Nimetoa siku. Gulio la tarehe kumi na mbili mwezi wa nane. Mtoto akiwa bado hivi, nitamtoa kwenye ziwa hilo, nitamlisha uji mwenyewe, na binti wa manamba atarudi kwa baba yake. Sina ugomvi naye. Ni mpole, anajua kupika mlenda. Lakini mjukuu ninaye mmoja.

Mama yako,
Elina

(Ameniuliza, "Umeandika yote?" Nimesema, "Yote, mama." Ameweka kidole gumba. Baba Justa, mtoto wa miezi miwili na nusu, uji! Wewe umeona zahanatini watoto wa uji wanavyokuwa. Nijibu upesi. G.)


Korogwe
14 Julai 1961

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Sikutoka nje ya ndoa. Naapa kwa kaburi la baba. Nakuomba usimtoe mtoto kwenye ziwa kabla sijaja, nami ruhusa sijapewa kwa sababu mwenzangu anaumwa.

Mwanao,
Ponsiano

(Karatasi hii ndogo ni ya Grasiana peke yake, usimsomee mama.)

Grasiana. Nimekaa siku mbili sili vizuri. Mimi najijua. Mama hajawahi kukosea juu ya watoto, amezalisha nusu ya Kang'ata. Nakuuliza mara moja tu na sitarudia. Je, kuna mtu?

P.


Korogwe
16 Julai 1961

Mama Justa! Mama Justa!

Kama karatasi ndogo haijakufikia, ichome bila kuifungua. Kama imekufikia, ichome na mimi nitakuja kupiga magoti. Sikiliza sasa. Naandika haraka, Semboja anapasha moto lori.

Leo asubuhi Bwana Mganga ameniona nimeegemea kabati, akaniuliza nina nini. Nikamwambia mtoto wangu anakonda na hatujui sababu. Akaniuliza kama anaharisha. Hapana. Anatapika? Hapana. Homa? Hapana. Ananyonya? Kama ndama, Bwana. Akakuna kichwa. Akasema, "Basi nieleze ni mtoto wa namna gani." Nami, Grasiana, nikaanza kujigamba kama baba yeyote! Nikasema ni jasiri, anaogeshwa na bibi yake maji ya umande kila alfajiri, na hatetemeki hata kidogo.

Akaweka kikombe chini. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Ponsiano," akasema, "hakuna mtoto mchanga anayetetemeka. Si ujasiri. Hajui bado."

Mimi niliyekaa kwenye pipa! Mimi niliyesikia kwa masikio yangu kwamba baridi hula mafuta! Barua yako ya mwezi wa sita nilikuwa nayo mfukoni, imeandikwa humo kila kitu, na nilicheka chafya nikapita.

Alivyonieleza ni hivi. Mtu mzima akishikwa na baridi hutetemeka, akapata joto. Mtoto mchanga ana njia yake. Mungu amempa akiba ya mafuta ya namna nyingine, rangi ya hudhurungi, yamelala katikati ya mabega na shingoni. Baridi ikimgusa, mwili unayawasha yale, kimyakimya, bila kutetemeka, na joto linatoka. Anasema wenzake huko Ulaya bado wanabishana juu ya mafuta hayo, lakini kwamba mtoto huwaka bila kutetemeka, hilo limepimwa. Sasa fikiria taa yetu ya chemli. Ukipandisha utambi mafuta yanashuka. Wewe unamimina maziwa juu, karai la mama linapandisha utambi kila alfajiri, na kutwa nzima mtoto anajitahidi kupata joto lake tena. Unamimina, haijai. Kwanza akiba ya mabegani, kisha mashavu, kisha mapaja. Ndiko maziwa yako yanakokwenda, mama Justa! Yanakwenda motoni!

Kwa wewe na mimi baridi ya Kang'ata si kitu. Kwa mtoto wa ratili sita aliyezaliwa mapema ni kama kulala juu ya Kilimanjaro.

Fanya haya. Aogeshwe jua likiwa juu, kwa maji vuguvugu, utie kiwiko kwanza. Umkaushe mara moja, kichwa kwanza. Kichwa kifunikwe usiku na mchana. Akae kwenye mwili wako, ngozi kwa ngozi. Na nyonyesha.

Ukitaka kuhakikisha, akitoka tu kwenye maji ya mama, weka kiganja chako katikati ya mabega yake. Kisha shika miguu. Utaona mwenyewe.

Hakuna aliyetoka nje. Ni maji, Grasiana. Ni maji tu.

Ponsiano


Kang'ata, Handeni
23 Julai 1961

Baba Justa,

Barua zako mbili zimefika siku moja. Lori la Semboja liliharibika Mkata, akazileta pamoja. Nilifungua kwanza ile nyembamba, na karatasi ndogo ikaanguka.

Jibu langu ni hapana. Nimejibu mara moja, kama ulivyouliza mara moja. Sikuichoma. Nimeiweka chini ya godoro, siku nitakapokuwa bibi kama mama nitamtolea mwanamume mmoja mzee aisome kwa sauti mbele ya wajukuu.

Basi nimemaliza ugomvi. Sasa nikwambie! Nikwambie!

Nilikaa na barua ya pili usiku kucha nikiwaza jinsi ya kusema. Nilijua nikitamka "daktari amesema" nimeshindwa kabla sijaanza, maana mama angesema kitabu hakizai. Tena nikimwambia ni maji yake, nimemwambia yeye ndiye anayemmaliza mjukuu. Nani atakubali neno hilo kutoka kwa mke wa mtoto wake? Kwa hiyo alfajiri nilinyamaza. Nikamwacha aogeshe. Nisamehe, moyo uliniuma kumwacha mara moja zaidi, lakini nilikuwa nimeshaficha blanketi lenye joto jikoni.

Mama akamtoa. "Askari wangu," akasema, "hatetemeki." Nikasema, "Kweli mama. Hebu shika miguu yake." Akashika. "Baridi kama chura," akasema. "Na mikono?" "Chura vilevile." Nikasema, "Sasa mama, niwie radhi, weka kiganja hapa, katikati ya mabega."

Akaweka. Akakiondoa. Akakiweka tena. Baba Justa, ungeuona uso wa mama yako! Akasema polepole, "Kuna kaa la moto humu."

Nikasema, "Ndiyo mama. Na kuni zake ni mashavu yake."

Nikamchukua mtoto, nikamtia kwenye blanketi, nikamlaza kifuani. Mama akakaa na karai mbele yake mpaka maji yakatulia kabisa. Kisha akauliza, "Nani amekwambia?" Hapo ndipo nikamsomea barua yako, yote, hata Kilimanjaro. Alipinga, usidhani hakupinga.

"Huyo Mzungu amezaa wangapi?"

"Sijui, mama."

"Mimi nimezaa sita. Nimewaogesha wote."

"Ndiyo, mama."

"Nilifundishwa na mama mkwe wangu, naye alifundishwa na wake."

"Ndiyo, mama."

"Acha kuniambia ndiyo mama, unanichanganya!"

Akazunguka nyumba, akarudi. Akasema haya ndiyo masharti. Siku haibadiliki, ni gulio lile lile la tarehe kumi na mbili. Mpaka hapo nifanye ninavyotaka, maji ya moto, kifua, kila kitu. Mizani ya Paulo ndiyo itakayosema. Ikisema haikupanda, uji, na mimi Korogwe. Nimekubali. Ningefanyaje? Na bado anaamini umebemenda, ingawa kiapo chako nimemsomea, anakutazama kwenye ile picha ya harusi kwa jicho la pembeni.

Tatizo lilikuwa namna ya kumfunga mbele, kwa sababu sisi tumezoea mgongoni na kanga inateleza. Amenisaidia Naisimoi, yule mama wa Kimasai anayetuletea maziwa. Aliniona nahangaika akacheka mpaka kibuyu kikamwagika. Akanivua kanga, akanifunga ngozi yake laini ya kondoo, mtoto ndani, kichwa chini ya kidevu changu, akavuta kamba mbili. "Hivi," akasema. "Ng'ombe wakihama tunatembea siku tatu hivi, mtoto hajui kama kuna upepo." Kisha akaniuliza mbona sisi tunalaza watoto kitandani kama mizigo.

Napika naye, napeta mahindi naye, nakuandikia naye. Anapumua chini ya kalamu. Leo siku ya nne. Jana amelia kwa nguvu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, sauti ya kuita mtaa! Nimefurahi nikalia naye.

Grasiana


Korogwe
30 Julai 1961

Mama Justa,

Jibu lako nimelisoma, nimelistahili. Iweke karatasi hiyo, nitaisoma mbele ya wajukuu kwa sauti, na nitaongeza kwamba nilikuwa mjinga.

Kaa la moto! Nimemwambia Bwana Mganga maneno ya mama, akaandika kwenye daftari lake, akanifanya nirudie. Anasema ameyasoma mambo hayo katika kurasa kumi na mama ameyasema kwa neno moja. Usimwambie mama, atadai kitabu.

Nakutumia kofia. Ni soksi yangu ya kuchezea mpira, nimeikata kwenye kifundo nikaishona juu kwa sindano ya vidonda, nimeifua mara tatu. Timu yetu ina mistari ya njano, basi Justa naye ni mchezaji. Huku Korogwe watu hawana mazungumzo ila Uhuru wa mwezi wa kumi na mbili, nani atavaa nini, nani atapiga ngoma. Mimi nina tarehe moja tu kichwani na ni kumi na mbili ya mwezi wa nane. Ruhusa bado. Nikiikosa, andika siku hiyohiyo, mpe Semboja, mwambie asisimame Mkata.

Ponsiano


Kang'ata, Handeni
12 Agosti 1961

Baba Justa,

Sikwambii kwanza. Utasoma kwa mfuatano kama mimi nilivyoteseka kwa mfuatano!

Tumetoka asubuhi jua limepanda, mama mbele, mimi nyuma, Justa kifuani na soksi yako kichwani. Nilikuwa nimefunga nguo zangu kwenye furushi nikaliacha nyuma ya mlango, nisije nikahangaika kuzitafuta mbele ya watu. Yeye aliliona.

Kwa Paulo palikuwa na foleni ya watu wa nta. Wote wanajua. Gulio zima linajua, nadhani hata mbuzi. Mtu mmoja akasema, "Mpisheni yule wa kubemendwa," nami nikatazama chini. Mama akamgeukia. "Mpishe mjukuu wangu," akasema, "hilo lingine halikuhusu." Baba Justa, nilishtuka.

Paulo akafuta sahani. Nikaanza kumlaza. Mama akasema, "Vua kofia. Vua na kitambaa. Sitaki soksi ihesabiwe." Nikavua upesi, jua lilikuwa kali, hakuna upepo. Justa akapiga mateke, sahani ikayumba, Paulo akasema, "Tuliza nta yako, mama." Akaweka mawe ya sita. Sahani haikuinuka. Akaongeza moja. Haikuinuka! Nikashika ukingo wa meza. Akaongeza ya robo, polepole, kama anatia chumvi. Ikainuka, ikacheza, ikasimama.

"Ratili saba na robo," Paulo akasema.

Mama akasema, "Pima tena."

Akapima tena. Saba na robo.

"Badilisha mawe."

Akaazima mawe ya mwenye duka la chumvi. Saba na robo! Watu wa nta wakapiga makofi, mwanamke nisiyemjua akapiga vigelegele, na mwanao, kwa furaha au kwa dharau sijui, akakojoa kwenye mizani ya Paulo! Paulo akasema hiyo ipunguzwe kwenye uzito. Nimecheka, nimelia, kofia nimemvalisha kinyume. Ratili moja na nusu kwa wiki tatu! Ana kidevu cha pili! Ana vikunjo kwenye mapaja, vya unono sasa, si vya soksi, naweza kuficha kidole ndani yake!

Sasa sehemu ya pili, na hii ameniambia mwenyewe nikuandikie.

Wakati wa kurudi, kwenye kile kivuko cha mawe, mama alisimama. Nikadhani amechoka. Akaomba mtoto. Nikamfunga yeye ile ngozi, kichwa cha Justa chini ya kidevu chake. Akakaa kwenye jiwe. Kisha akasema, "Yordani naye hakutetemeka."

Nikauliza, "Yordani ni nani, mama?" Akasema ni kaka yako aliyekutangulia, ambaye hukumwona. Alizaliwa mwezi wa baridi, mdogo, naye akanyamaza kwenye karai, na majirani wakaitwa waje waone. Akakonda. Wazee wakasema amebemendwa. Mama akamsimamisha baba yako, mzee Dominiko, mbele ya watu, aungame. Mzee akasema sina la kuungama. Wakamwambia unaua mtoto kwa kiburi. Yordani akafa kabla ya mvua.

"Mzee aliapa," mama akasema. "Sikumwamini. Miaka kumi na nane tulikula sufuria moja, sikumwamini. Alipokuwa anakata roho alinitazama, nikajua anangoja nimwambie neno. Nikamrekebishia mto."

Nikasema, "Mama, hukujua." Akasema, "Sikujua. Lakini yeye alijua." Justa akapiga chafya kifuani kwake, na mama akamfunika kichwa vizuri, tukaondoka.

Tulipofika nyumbani amechukua furushi langu nyuma ya mlango, amelifungua, amezipanga nguo zangu upya kwenye sanduku. Kisha ameniletea kalamu na karatasi hii. "Mwandikie Ponsiano," akasema. "Mwandikie kwa herufi kubwa, na asome kwa sauti, asisome moyoni." Nimeandika hivi:

DOMINIKO HAKUWA NA KOSA.

Ameniomba nimwonyeshe ni neno lipi ndilo jina. Nimemwonyesha. Ameweka kidole gumba juu yake, siyo chini pale pa sahihi. Jumapili anataka tumpeleke Justa kaburini kwa babu yake, saa sita mchana, amesisitiza, jua likiwa limekomaa. Naye Naisimoi amepelekewa mahindi debe zima na hajui ni ya nini. Na jana mke wa jirani alipita na mtoto mchanga, nikasikia mama anamwambia, "Lete hapa nimshike mabegani," kwa sauti ileile aliyokuwa anawaitia watu waje kumtazama askari.

Njoo basi, baba Justa. Hata siku mbili. Uje umtie kiganja mgongoni, sasa pana joto sawasawa na miguu, mwili mzima joto moja kama mkate. Nataka uje ukae kwenye lile jiwe na mama, nadhani ana maneno mengine ambayo hawezi kunipa mimi niyaandike. Nami nina langu, nililiweka mpaka uje lakini siwezi kulishika, nataka kukuambia kwamba niliposema nimemaliza ugomvi nilijikaza tu, tangu siku ile ya karatasi ndogo nime

Ngoja, mama ananiita kutoka uani. Anasema niache barua, nimlete mtoto upesi, ameshatia kiwiko mara mbili, maji vuguvugu yana